Mshale Uliotulia Mno

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 1987, injini ya petroli aina ya 22R, lita 2.4. Aliinunua marehemu kaka yangu mkubwa, akabebea samaki, barafu, makuti, mchanga, na siku moja akambeba bibi harusi kutoka Ganda baada ya matatu iliyokodiwa kukosa kufika. Alipofariki ikawa mikononi mwangu. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini, watu waliponiambia "uza hivyo vyuma, bwana, utafute ya kisasa", nilinyamaza tu.

Mambo yalianza Desemba, msimu wa maembe. Nilikuwa natoka Marafa na shehena imepita kingo za bodi, jua la kaskazi linachoma, upepo unaoingia dirishani kama wa tanuri. Nikikaribia daraja la Sabaki nikapunguza mwendo kupisha ng'ombe, na jicho likaangukia dashibodi. Mshale wa presha ya oili, ambao siku zote hukaa katikati, ulikuwa umelala chini karibu na herufi L, yaani presha ndogo. Nikikanyaga mafuta unainuka kidogo, nikiachia unalala tena.

Nilitoka barabarani nikazima injini papo hapo. Nikavuta kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakivuta tena. Oili ilikuwa kati ya alama mbili, haijapungua. Nikanusa kijiti kama kaka alivyonifundisha, kwa sababu injini hii ina pampu ya petroli ya kimashini iliyofungwa kwenye kichwa cha injini, na utando wake ukitoboka petroli huteremka ndani na kuipunguza oili nguvu. Haikunukia petroli. Rangi nayo ilikuwa nyeusi ya kawaida. Kama maji ya rejeta yangekuwa yameingia, ingefanana na chai ya maziwa.

Basi nikajiambia oili ipo na ni safi, kwa hivyo hakuna neno. Nikawasha nikaja zangu Malindi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nami nalijutia hadi leo. Kuwepo kwa oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kufika kwa oili kwenye beringi, vile vipande vya madini laini vinavyobeba krenki, mhimili mkuu wa injini, ni mambo mawili mbalimbali.

Mtu aliyekulia mitaa yetu ya Malindi anaweza kulielewa jambo hili kwa mfereji wa maji. Maji yanapigwa kutoka Baricho, bomba ni lile lile, lakini ukiwa mwisho wa mstari na majirani wote wamefungua mifereji yao alfajiri, wewe unapata matone. Pampu haijaharibika. Presha imekwisha njiani kwa sababu matundu ya kutokea ni mengi. Na siku nyingine mifereji yote imefungwa na bado hupati kitu, kwa sababu kule maji yanakovutwa, mdomo wa bomba umezibwa na takataka. Injini ni hivyo hivyo. Pampu inasukuma oili tu. Presha inatokana na oili kubanwa katika nafasi nyembamba kati ya krenki na beringi zake. Beringi zikilika, nafasi inapanuka na presha inashuka. Oili ikiwa nyepesi mno inateleza na kupita haraka, presha inashuka. Chujio la wavu lililo sampuni, mdomoni mwa pampu, likiziba, pampu inakosa cha kusukuma, presha inashuka. Dalili kwenye dashibodi ni moja. Matibabu ni matatu, na ukikosea, dawa ya ugonjwa huu inaukuza ule.

Hayo sikuyajua wakati ule. Nilichojua ni ushauri wa jirani mwenye teksi, aliyeniambia kwa uhakika kabisa kwamba kwenye gari kuukuu ni senda tu inayokufa. Senda ni kile kifaa kidogo kilichoskurubiwa ubavuni mwa injini, kinachosikiliza presha na kupeleka habari kwenye geji kwa waya. Na kwa kweli hakuniongopea. Kwetu hapa hewa ya chumvi inakula kila kiungo cha waya, na yangu nilipoifungua ile pini ilikuwa na ukungu wa kijani. Senda hufa, na hufa mara nyingi. Nilinunua mpya mjini, haina boksi wala namba, bei ya kutupa. Nikaizungushia tepu ya fundi bomba tabaka kwa tabaka isivuje, nikaifunga, nikawasha. Mshale ukapanda moja kwa moja hadi katikati, ukatulia.

Siwezi kueleza nilivyofurahi. Niliirudia njia ya Marafa kwa wiki tatu, mizigo miwili kwa siku nyingine, na kila nikitazama dashibodi mshale uko pale pale, umetulia kama mzee barazani. Sasa najua kuwa utulivu ule ndio uliopaswa kunitisha.

Katikati ya Januari nikaanza kusikia mlio juu ya injini, tik-tik-tik, wenye kasi ya cherehani. Mwanzo asubuhi tu. Kisha hata injini ikiwa moto. Niliipeleka gereji moja hapa mjini. Fundi akaweka sikio, akanitaka nitie resi mara mbili, akasema krenki imekwisha, injini ishushwe, oveholi kamili. Bei aliyotaja ilinizidi kimo. Nikamwuliza kama angeweza kupima presha kwanza. Akaonyesha dashibodi: "Presha si hiyo hapo iko sawa?" Mtu mmoja, kwa pumzi moja, akaniambia krenki imekwisha na presha iko sawa. Nililala na maneno hayo usiku ule yakagoma kukaa pamoja.

Mwingine akaniambia nisihangaike, nimwage oili iliyomo nitie nzito kabisa na chupa ya dawa ya kuongeza unene. Huu ndio ushauri unaotolewa zaidi katika mji huu, na nataka niuzungumzie kidogo. Oili nzito inainua mshale, ndiyo, kwa sababu haipiti haraka kwenye nafasi zilizopanuka. Kwa joto letu, 20W-50 kwenye injini kuukuu ya aina hii ni jambo la kawaida, nami ndiyo ninayotumia. Namba ya pili ndiyo inayoeleza unene wake injini ikiwa moto. Lakini kama shida ni chujio lililoziba, kuipa pampu oili nzito zaidi ni kumpa mtu mrija ulioziba na kumbadilishia maji kwa uji. Atavuta mpaka mashavu yaingie ndani na asipate kitu. Mtu asikutilie oili nzito kabla ya kujua oili inakwama wapi.

Aliyeniokoa hakuwa fundi wa magari. Ni mzee mmoja anayetengeneza mashini za boti kule pwani ya wavuvi, karibu na gati. Nilikuwa nimempelekea barafu. Akaisikia pikapu ikiingia, akainua kichwa.

"Mwanangu, huyo anaomba oili."

"Ami, geji iko sawa."

"Asubuhi ikiwa baridi mshale unakaa wapi?"

"Hapo kati."

"Na ukifika Marafa na mzigo, injini moto?"

"Hapo hapo."

"Ukitia resi?"

Nilifikiri kwanza. "Hapo hapo, Ami."

"Basi hiyo umetundika picha. Oili ya baridi ni nzito na oili ya moto ni nyepesi. Mshale wa kweli lazima utembee."

Baharini, alinieleza, mashini ikifa nje ya mwamba hakuna wa kukusukuma, ndiyo maana yeye haamini mshale wa waya hata mmoja mpaka aulinganishe na geji yake. Geji hiyo ni ya kimashini, saa ya shaba yenye mpira mrefu, oili yenyewe inaingia ndani na kusukuma mshale. Haina waya, haina betri.

Kwanza lakini akataka kujua ni nani kati ya geji ya dashibodi, waya na senda anayesema uongo. Akachomoa waya wa senda, switchi ikiwa imefunguliwa bila kuwasha injini. Mshale ukashuka chini. Akachukua balbu ndogo kabisa, ile ya taa za dashibodi, akaupitisha waya ule kwenye balbu hadi kwenye bodi ya gari. Balbu ikawaka na mshale ukapanda. Nilipomuuliza kwa nini asiguse bodi moja kwa moja, akasema geji za aina hii zina waya mwembamba wa joto ndani, ukizipa umeme wote bila kizuizi unaweza kuziunguza. Kwa hiyo geji ni nzima, waya ni mzima. Mwongo ni senda yangu mpya. Ilikuwa ya gari lingine, haikulingana na geji hii. Na ile tepu niliyoizungusha kwa bidii, akaniambia, senda hupata ardhi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, kupitia nyuzi za skurubu, ukizijaza tepu unaiziba mdomo. Aliikwangua yote.

Kisha tukakwama nusu siku kwa jambo dogo. Kiunganishi cha geji yake kilikuwa cha inchi moja ya nane, na tundu la Toyota pia ni inchi moja ya nane. Nikasema kinaingia, tukaze. Akanishika mkono. Tundu la Toyota lina nyuzi za Kiingereza, 28 kwa inchi. Kiunganishi chake kilikuwa cha Kimarekani, nyuzi 27. Vinaonekana sawa, vinaingia mizunguko miwili mitatu, halafu unaanza kula nyuzi za bloku. Alikataa katakata kulazimisha. Tulikwenda kwa mchonga vyuma tukatengenezewa kiunganishi cha shaba chenye nyuzi sahihi. Nimeona tangu hapo injini mbili zenye tundu hilo lililoharibika, zote zikivuja, na kila nikiziona namkumbuka Ami alivyonishika mkono.

Jioni tukapima. Injini baridi, ikinguruma bila kukanyagwa: paundi 55 kwa inchi ya mraba. Nikapumua. Akasema bado, akaniambia niizungushe mjini nusu saa mpaka ichemke vizuri. Tuliporudi, ikinguruma tu, geji ilisoma 6. Nikaona tumekufa. Lakini kitabu cha Toyota cha injini hii kinasema ikiwa moto na haijakanyagwa inatakiwa paundi 4.3 au zaidi. Kwa hiyo 6 ilikuwa imepita mtihani, ingawa kwa tabu. Wengi wetu tunaitazama injini ikiwa imesimama kwenye taa au kwenye foleni ya sokoni, tunaona mshale uko chini, tunaogopa. Hapo ndipo presha huwa ndogo hata kwenye injini nzima.

Habari yenyewe ilikuwa juu. Ami alibana mita ya raundi, inayohesabu mizunguko ya injini kwa dakika, kwenye koili ya moto wa plagi, akaniambia nipandishe polepole. Raundi 2,000: paundi 24. Raundi 3,000: ikagusa 27, kisha mshale ukaanza kutetemeka na kuteremka wenyewe, 24, 20, 18, na mimi mguu sijauondoa. Kitabu kinataka 36 hadi 71 hapo. Hata kile kipimo cha haraka cha mafundi, paundi 10 kwa kila raundi 1,000, kingetaka 30.

"Umeona?" akasema. "Beringi zikiisha, presha ni ndogo chini, lakini ukitia resi inapanda. Hii inapanda halafu inakata tamaa. Pampu inavuta kuliko inavyopata."

Kabla ya kugusa sampu alifungua filta ya oili, ile ya karatasi iliyofungwa nje ya injini, na kuipasua kwa mkasi wa bati. Nilimletea msumeno akaukataa, kwa sababu chenga za msumeno zingechanganyika na chenga za injini, tusijue ipi ni ipi. Aliikunjua karatasi ya filta juani kama mtu anayesoma barua. Palikuwa na vumbi la kumeta, si jingi. Akapitisha sumaku: mengi hayakushika. Basi si chuma, ni madini laini ya beringi. Ugonjwa ulikuwa umeanza kugusa beringi, lakini haukuanzia huko.

Sampu ya gari hii haitoki kwa urahisi, lazima ulegeze vikalio vya injini na kuiinua kidogo kwa jeki na gogo. Ilituchukua asubuhi nzima chini ya mwembe. Ilipoanguka, nilichungulia nikaliona chujio la pampu, lile la wavu, limefunikwa kama pua ya mtu mwenye mafua. Vipande vya plastiki ya kahawia vyenye kingo kali, vingine vya ukubwa wa ukucha, na katikati yake minyoo ya gundi ya gasketi.

Injini za 22R za miaka ile cheni yake ya taimingi, ile ya mbele inayoendesha vali, inaongozwa na vibao vya plastiki pande mbili. Vikizeeka vinakauka na kukatika, na vipande havina pa kwenda ila kuanguka sampuni. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimesikia cheni ikipiga kelele, nikaipeleka mahali wakaniwekea cheni na vibao vipya. Walifanya kazi ya mbele vizuri. Hawakushusha sampu kutafuta vile vya zamani vilikokwenda, nami sikujua kuuliza. Walipaka gundi kwa ukarimu, na ile iliyojaa ndani ikaanza kumeguka. Kwa miaka miwili vipande vile vilikuwa vikisogea kidogo kidogo kuelekea kwenye mdomo wa pampu. Shehena ya Desemba na joto vilimalizia tu.

Tulifungua na kifuniko cha mbele, kwa sababu cheni inayolegea kwenye injini hizi husugua kifuniko mpaka kikatoboka na maji yakaingia kwenye oili. Changu kilikuwa na mtaro, ila haujatoboka. Alhamdulillahi.

Beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki, tulizitoa zote. Jozi mbili zilikuwa zimeanza kuonyesha shaba chini ya tabaka la kijivu. Krenki ilipimwa kwa maikromita, ikawa haijalika kiasi cha kutaka kusagwa. Tukaweka beringi za saizi ya asili, pampu mpya, chujio jipya, vibao vipya. Pampu yenyewe kwenye injini hii iko mbele kabisa, inazungushwa na krenki, unaweza kuitoa bila kushusha sampu. Wengi hubadilisha pampu kwa sababu hiyo hiyo, ni rahisi kuifikia, na kuliacha chujio lililoziba pale pale chini. Nadhani hata mimi ningefanya hivyo kama ningekuwa peke yangu.

Kabla ya kuifunga pampu Ami aliijaza mafuta ya mgando ya kujipaka, ili mara ya kwanza ikizunguka isizunguke kavu. Kisha akachomoa waya wa koili isishike moto, akaniambia nipige stata kidogo kidogo. Mara ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu mshale wa saa yake ya shaba ukaruka. Ndipo akarudisha waya tukawasha. Mlio wa cherehani haukuwapo.

Baada ya nusu saa ya mzunguko, injini moto: paundi 15 ikinguruma. Kwa raundi 3,000: 46, na mshale hautetemeki. Gharama yote, pamoja na mchonga vyuma, haikufika nusu ya oveholi niliyotajiwa.

Senda ya dashibodi nimeweka inayolingana na gari hii, bila tepu. Mshale wake sasa unatembea: juu asubuhi, chini kidogo mchana, unapanda nikipanda. Lakini nilimwomba Ami anifungie na geji ya kimashini ndani ya kebini. Alikubali kwa sharti moja, mrija uwe wa shaba na upite kwenye mpira pale unapotoboa bodi, kwa sababu mrija wa plastiki ukikatika utamwagiwa oili ya moto miguuni ukiwa barabarani.

Nina daftari kwenye kisanduku cha dashibodi. Kila Jumamosi naandika namba tatu: baridi, moto ikinguruma, moto kwa raundi 3,000. Kijana wangu wa pili ndiye anayesoma mita siku hizi. Jumamosi iliyopita, tumerudi na maembe, akaniitia kupitia dirisha: "Baba, 56, 14, 45." Nikamwambia aandike na tarehe.